Printa Moja ya Nyumba Nzima na Taabu Zake

Wenzangu wasomaji, hapa shuleni twafundishwa habari za umeme katika fizikia, na chumba cha kompyuta twakiingia mara mbili kwa juma, lakini iko taabu moja inayotungojea nyumbani wakati wa likizo ambayo haimo katika kitabu chochote cha darasani. Taabu hiyo ni ya printa. Nyumba ina watu sita, simu tano, kompyuta mbili au tatu, na printa moja tu ya kuwatumikia wote. Jana ilipiga chapa vizuri. Leo taa zake zinawaka, wino upo, karatasi zipo, nayo imenyamaza kimya. Basi hapo kelele huanza, na mtu wa kwanza kuitwa ni yule mtoto wa sekondari: "Wewe msomi, njoo utazame." Makala haya nayaandika kwa ajili ya mtoto huyo.

Printa ninayoisema ni ile mashine ya kupigia chapa inayoitii kompyuta. Vitabu vingine huiita kichapishi, na jina hilo si baya, ila sijamsikia mtu yeyote dukani akilitaja. Nitatumia neno la watu.

Wengi hudhani kwamba printa kwa asili yake ni kitu cha kompyuta moja, na kwamba kuishirikisha nyumba nzima ni jambo lililozuka juzi. Sivyo. Mwaka 1971, katika maabara ya kampuni ya Xerox huko Palo Alto, California, bwana mmoja aitwaye Gary Starkweather aliunda printa itumiayo mwanga wa leza. Mashine ile ilikuwa kubwa na ya gharama nyingi, haikuwezekana kumpa kila mfanyakazi ya kwake. Mwaka 1973 wenzake wawili wa maabara hiyo hiyo, Robert Metcalfe na David Boggs, walianza kuunda njia ya kuunganisha kompyuta nyingi pamoja, na moja ya haja zao ilikuwa kwamba kila kompyuta iweze kuifikia printa ile. Njia hiyo ndiyo Ethernet, na mpaka leo ndiyo itumikayo katika waya unaochomekwa nyuma ya ruta. Kwa hiyo printa si mgeni aliyekaribishwa mtandaoni baadaye. Yumo miongoni mwa wale ambao nyumba ilijengwa kwa ajili yao.

Sasa tuitazame njia yenyewe. Ruta ni kile kisanduku chenye taa ndogo ndogo ambacho huleta intaneti nyumbani. Kina kazi mbili, na ni lazima tuzitenganishe akilini. Kazi ya kwanza ni kupeleka habari kutoka chombo kimoja cha nyumbani hadi kingine, mathalani kutoka kompyuta hadi printa. Kazi ya pili ni kupeleka habari nje, ulimwenguni, na kuzirudisha. Kazi ya pili hulipiwa. Ya kwanza hailipiwi. Nalikazia neno hili kwa sababu nimewaona watu wakinunua bando kwa fedha yao ya mwisho ya juma, wakidhani kwamba printa imekataa kwa kuwa bando limekwisha. Bando likiisha barua pepe hazitakuja, lakini karatasi yako itapigwa chapa kama kawaida, maana safari yake yaanza ndani ya nyumba na kwisha ndani ya nyumba. Zipo printa chache zinazouzwa kwa mapatano ya kulipia wino kila mwezi, nazo hutaka intaneti ili kurasa zao zihesabiwe. Hizo ni jambo jingine.

Katika nyumba nyingi za kwetu hakuna ruta, bali simu ya baba au ya mjomba ndiyo inayogawa intaneti. Hiyo nayo ni ruta, ila ni ruta yenye miguu. Mjomba akitoka kwenda mjini, mtandao umeondoka naye mfukoni, na printa iliyokuwa ikiutegemea haina tena njia ya kusikia lolote. Mtu akilalamika kwamba printa hufanya kazi jioni tu na Jumapili, muulize kwanza simu ya nani inagawa mtandao.

Jambo jingine la kujua ni anwani. Kila chombo kilicho katika mtandao wa nyumbani hupewa namba yake, kama 192.168.1.4, na aghalabu anayegawa namba hizo ni ruta. Namba zinazoanza na 192.168, pamoja na nyingine kadhaa, ziliwekwa kando katika waraka wa wahandisi wa intaneti wa mwaka 1996 ziwe za matumizi ya ndani tu. Ndiyo maana nyumba elfu moja za mji mmoja zaweza kuwa na 192.168.1.4 na zisigombane, kama vile kila bweni lilivyo na kitanda namba 4. Lakini ruta haimpi mtu namba ya milele. Humkopesha kwa muda, pengine saa kadhaa, pengine siku kadhaa, na ruta nyingi za bei nafuu zikizimika husahau zilimkopesha nani nini. Umeme ukirudi, kila chombo huomba upya, na anayefika kwanza hupewa kwanza.

Hapa nitaeleza habari ya shangazi yangu aliye Jinja, kwa sababu bila mfano maneno haya hayana ladha. Shangazi ni mjane na kazi yake ni kupiga chapa. Shule mbili za msingi humletea mitihani yao, na watu wa mtaani humletea ratiba za mazishi na barua za kuomba kazi. Yeye ana kompyuta ya mezani, binamu yangu ana ya mapajani, na printa imekaa ukumbini juu ya kabati. Haikuunganishwa kwa waya na kompyuta yoyote, hutumia waifai. Likizo moja umeme ulikatika usiku ukarudi alfajiri. Asubuhi printa haikutii. Fundi mmoja akaitwa, akaitazama kwa dakika chache, akasema kwamba kadi ya waifai iliyomo ndani imeunguzwa na umeme uliorudi kwa nguvu, kwamba haitengenezeki, na kwamba ni afadhali kununua printa nyingine. Alikuwa tayari kuileta mwenyewe. Siku hiyo ilikuwa Jumatano, na mitihani ya shule moja ilitakiwa Ijumaa asubuhi. Fedha ya printa mpya ilikuwapo ndani ya nyumba, lakini ilikuwa ada ya binamu yangu ya muhula uliokuwa ukija.

Shangazi akaniambia, "Mwanangu, fundi amekwisha sema. Lakini hebu tazama na wewe, usije ukasema sikukuuliza."

Kabla ya kusema nilivyotazama, yafaa nieleze namna ya kutazama. Njia ya karatasi ina vituo vinne: foleni ya kazi iliyo ndani ya kompyuta, kompyuta yenyewe na milango yake, ruta, na mwisho printa. Mtu asiyejua huvigusa vyote vinne kwa pamoja. Huzima, huwasha, huchomoa nyaya, hufuta programu, huiweka tena, na baada ya saa mbili hajui kama alichokivuruga hakikuwa kizima hapo mwanzo. Mwenye busara huikata njia katikati na kuuliza: upande huu ni mzima? Ukiwa mzima, auache, asiuguse tena mpaka kazi iishe.

Basi anza na printa peke yake, bila kompyuta. Ile ya shangazi ina kioo cha kunakilia. Nilitia karatasi yenye maandishi, nikabonyeza kitufe cha nakala, ikatoa nakala safi. Hiyo yatosha kuthibitisha kwamba wino, karatasi na magurudumu havina kosa. Printa isiyo na kioo aghalabu hutoa ukurasa wa majaribio ukishikilia kitufe chake kimoja kwa sekunde chache. Kitufe gani, kijitabu chake chaeleza.

Pili, iulize printa anwani yake. Zenye kioo kidogo cha maandishi huionyesha katika orodha ya mtandao, na zisizo nacho huweza kuipiga chapa katika ukurasa wa habari za mtandao. Ya shangazi ilionyesha 192.168.1.7. Tazameni hapo. Kadi iliyoungua haiwezi kuomba namba wala kupewa. Printa iliyo na namba ya ruta ya nyumbani imezungumza na ruta, na iliyozungumza ina masikio na kinywa. Kama ingeonyesha namba inayoanza na 169.254, maana yake ingekuwa tofauti: chombo kilichokosa kupewa namba hujibandika chenyewe namba ya namna hiyo. Hapo ungejua kwamba kosa liko kati ya printa na ruta, usihangaike na kompyuta hata kidogo.

Tatu, nenda kwenye kompyuta uiite printa kwa namba. Katika Windows hufunguliwa dirisha jeusi la amri, kisha huandikwa ping 192.168.1.7 na kubonyezwa kitufe cha kuingiza. Kompyuta hutuma miito minne. Majibu manne yakirudi, njia ya katikati ni nzima. Nilipata manne. Ila angalieni ujanja mmoja wa amri hii: wakati mwingine huandika kwamba majibu yote yamepokelewa na hakuna lililopotea, kumbe kila mstari unasema kwamba chombo hakifikiki, na anwani iliyoandikwa mwanzoni mwa mstari ni ya kompyuta yako mwenyewe. Hilo si jibu la printa. Ni kompyuta inayojijibu yenyewe kwamba haikumwona mtu. Soma mstari mzima, usisome hesabu ya chini tu.

Basi printa nzima, njia nzima. Kilichobaki ni kompyuta. Nilifungua sifa za printa katika kompyuta ya shangazi, ukurasa wa milango, nikakuta imeandikwa 192.168.1.4. Binamu yangu akafungua ukurasa wa ruta ili tuone ni nani aliye na namba hiyo sasa, tukacheka sana: ilikuwa simu yake mwenyewe. Umeme uliporudi alfajiri, simu iliamka na kuomba kabla ya printa, ikapewa namba ya printa. Tangu asubuhi mitihani ya hesabu ya darasa la sita ilikuwa ikipelekwa kwa uaminifu kwenye simu ambayo haijui maana ya karatasi.

Dawa yake ilikuwa fupi. Tuliongeza mlango mpya wenye namba 192.168.1.7, tukaichagulia printa mlango huo, na ukurasa wa majaribio ukatoka. Usiku ule mitihani yote ilipigwa chapa, na ada ikabaki ndani ya bahasha yake. Fundi alipigiwa simu asilete kitu.

Lakini kama tungeishia hapo, umeme ungekatika tena na taabu ingerudi. Katika ruta nyingi iko sehemu ya kuwekea chombo namba yake ya daima. Kila chombo kina alama yake kilichozaliwa nayo kiwandani, yenye tarakimu na herufi 12, nayo huandikwa kwenye kibandiko au kwenye ule ukurasa wa habari za mtandao. Unaiambia ruta: mwenye alama hii usimpe namba nyingine ila hii. Njia nyingine ni kuiandikia printa namba yenyewe kwa mkono, lakini hapo yakupasa kuchagua namba iliyo nje ya zile ambazo ruta huzigawa, ama siku moja vyombo viwili vitakuwa na namba moja. Mimi naipenda ile ya kwanza, maana mambo yote hubaki yameandikwa mahali pamoja.

Kosa la namba kubadilika ndilo nililokutana nalo mara nyingi kuliko mengine, hasa kwa kuwa umeme wetu twaujua. Hata hivyo yako mengine, na baadhi yake ni mepesi mpaka huchekesha. Mtu hubadili neno la siri la waifai kwa kuwa majirani wamelijua, kisha huliandika upya katika simu zote na kompyuta zote, na printa haambiwi. Printa haina mdomo wa kuuliza. Yaendelea kubisha hodi kwa neno la zamani mpaka mwenye nyumba akumbuke kuipelekea lile jipya. Au ruta imenunuliwa mpya, yenye jina jipya. Ni lile lile.

Ruta nyingine hutoa waifai mbili: ya wenyeji na ya wageni. Ya wageni hufunguliwa njia ya intaneti tu, na huzuiwa kuvifikia vyombo vya wenyeji, na hivyo ndivyo inavyotakiwa, maana hutaki mgeni asome makaratasi yako. Lakini kijana wa nyumbani akiwa ameunganisha kompyuta yake huko kwa kuwa ndilo neno la siri alilolikumbuka, atakuwa na intaneti safi na asiione printa kamwe. Naye atakuapia kwamba mtandao wake ni mzima. Linganisha namba: katika nyumba ya kawaida, mafungu matatu ya kwanza yapasa kuwa sawa, mathalani 192.168.1 huku na 192.168.1 huku. Ukiona moja ni 192.168.1 na nyingine 192.168.50, hao hawakai nyumba moja.

Tena, printa nyingi za bei nafuu husikia mawimbi ya gigahazi 2.4 tu, hazisikii yale ya 5. Hilo peke yake si kosa, kwa sababu ruta moja huyaunganisha mawimbi yote mawili katika mtandao mmoja, na kompyuta iliyo kwenye 5 yaweza kuifikia printa iliyo kwenye 2.4. Huwa kosa pale mtu anapoizima 2.4 kwa kusikia kwamba 5 ina kasi zaidi. Kasi inayo, lakini hushindwa na kuta mapema kuliko mwenzake.

Nimeitaja foleni, nami sijaieleza. Unapobonyeza kitufe cha kupiga chapa, kompyuta haiipelekei printa kazi moja kwa moja. Huiweka kwanza katika foleni, na mtumishi mmoja wa ndani ya Windows, aitwaye Spooler, hutoa kazi moja baada ya nyingine. Kazi ya mbele ikiharibika, za nyuma zote husimama, kama basi bovu katika njia nyembamba. Watu hubonyeza tena na tena, na foleni hurefuka. Kwanza jaribu kuifuta kazi hiyo katika dirisha la foleni. Ikikataa kufutika, fungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi, andika net stop spooler, kisha ondoa mafaili yote yaliyomo katika folda ya C:\Windows\System32\spool\PRINTERS, kisha andika net start spooler. Futa yaliyomo, usiifute folda yenyewe. Waonye watu wa nyumbani kabla ya kufanya hivyo, maana kazi za kila mtu zilizokuwa zikingoja kwenye kompyuta ile zitapotea.

Pengine foleni haina kosa bali kazi zimepelekwa kwingine. Tangu mwaka 2015 Windows 10 ina desturi ya kujichagulia printa ya kawaida, yaani ile uliyoitumia mwisho mahali ulipo. Mtu akihifadhi faili la PDF kwa njia ya kupiga chapa, kesho yake kazi zake zote huenda kugeuzwa PDF na wala hapati karatasi. Desturi hiyo yaweza kuzimwa, nami huizima katika kila kompyuta ninayopewa kuitazama. Angalia pia kama kuna printa mbili za jina moja, ya pili ikiwa imeandikwa kwamba ni nakala. Moja huwa ya mlango wa zamani na haitajibu milele.

Na iko hali ambayo printa yajibu ping vizuri lakini kompyuta yang'ang'ania kusema kwamba haipo. Aghalabu utakuta Windows ilijitafutia mlango yenyewe, mlango ambao jina lake huanza na herufi WSD. Mlango huo hutegemea printa kujitangaza, na tangazo likipotea kompyuta huamini kwamba mwenzake amekufa. Weka badala yake mlango wa kawaida wa TCP/IP wenye namba ya printa. Ikiwa bado, tazama katika mipangilio ya mlango huo mpya alama ya SNMP, ambayo ni njia ya kompyuta kuuliza hali ya printa; printa nyingine hazijui kujibu maswali hayo, na kompyuta hufasiri ukimya wao vibaya. Ondoa alama hiyo.

Mpaka hapa nimesema juu ya printa yenye waifai yake. Nyumba nyingine zina printa ya zamani iliyounganishwa kwa waya wa USB na kompyuta moja, na kompyuta hiyo ndiyo inayowashirikisha wengine. Hapa printa haina anwani hata kidogo. Ni kama mtoto asiye na simu, lazima umpate kwa simu ya mama yake. Kompyuta ya mama ikilala, printa imelala. Kwa hiyo swali la kwanza si la mtandao: je, kompyuta ile inawaka, na imezuiwa isijilaze yenyewe baada ya dakika 15? Swali la pili ni kwamba Windows, inapoingia mtandao mpya, hutaka kujua kama mtandao huo ni wa binafsi au wa watu wote. Ukijibu kwamba ni wa watu wote, kompyuta hujifungia kama mtu aliyeketi stendi ya mabasi na mkoba kifuani, na haishirikishi kitu. Nyumbani ibadilishe iwe ya binafsi, na uwashe ruhusa ya kushirikisha mafaili na printa. Swali la tatu ni jina. Kompyuta ya pili huiita ya kwanza kwa jina lake, na majina hupotea upesi kuliko namba, ukiandika \\192.168.1.3 badala ya jina, na printa ikaonekana, umejua kwamba kosa ni la jina tu.

Printa za namna hii zilipata mwaka mgumu, mwaka 2021. Katikati ya mwaka ule ulijulikana udhaifu katika mtumishi yule wa foleni, uliopewa jina PrintNightmare, ambao kwa huo mtu mbaya angeweza kuendesha programu zake ndani ya kompyuta kwa mamlaka ya juu kabisa. Mwezi Julai Microsoft ilitoa viraka vya dharura, na mwezi Agosti ikaamuru kwamba kuweka programu ya printa kutoka kompyuta nyingine kutake mamlaka ya msimamizi. Mwezi Septemba kiraka kingine, cha udhaifu tofauti, kilifanya kompyuta nyingi zikataliwe na kompyuta wenzao kwa kosa la namba 0x0000011b. Ukiliona kosa hilo hata leo, maana yake aghalabu ni kwamba kompyuta mbili hazina viraka vya umri mmoja: moja yataka mazungumzo yalindwe, nyingine haijafundishwa. Wako watu wanaoshauri kuondoa kiraka, au kuandika namba 0 mahali fulani katika rejista ya Windows ili ulinzi ulegee. Kazi hutoka, ndiyo, lakini ule mlango uliozibwa umefunguliwa tena. Mimi nasema zipe kompyuta zote mbili viraka vyote. Na kama moja ni ya zamani mno isiyopata viraka tena, printa ichomekwe kwenye ile iliyo mpya.

Simu zina njia yao. Hazina mlango ulioandikwa namba, kila mara huita kwa sauti mtandaoni, "Nani hapa ni printa?" nayo printa hujibu. Njia hii ndiyo iliyomo katika AirPrint ya Apple, iliyotolewa mwaka 2010, na simu za Android nazo huita kwa namna hiyo. Faida yake ni kwamba huhitaji kuweka programu. Hasara yake ni kwamba ruta nyingine huzuia makelele hayo, zikiwa na kipengele cha kutenga vyombo vya waifai visisikizane. Kwa hiyo ukiona kompyuta iliyochomekwa kwa waya inapiga chapa bila taabu na simu zote hazioni kitu, usiilaumu printa. Ingia katika ukurasa wa ruta ukitafute kipengele hicho.

Mwisho, iko siku ambayo kadi ya waifai imekufa kweli. Utaijua hivi: printa hainakili jina la mtandao wowote katika orodha yake, hata ukiiweka hatua mbili kutoka kwenye ruta, hata ukiwasha simu iwe ruta karibu yake, hata baada ya kuirudisha katika hali ya kiwandani, ilhali nakala kwenye kioo zatoka safi. Hata hapo usinunue nyingine upesi. Printa nyingi za waifai zina tundu la USB nyuma, wakati mwingine limezibwa kwa kibandiko ambacho hakuna aliyekitoa tangu siku ya kwanza. Waya wake ni wa bei ndogo, wenye kichwa karibu cha mraba upande mmoja, na kwa huo printa huchomekwa kwenye kompyuta moja na nyumba nzima hushirikishwa kwa njia niliyoieleza. Isogezwe tu karibu na meza ya yule ambaye kompyuta yake haizimwi mchana.